Inchi Tatu na Nusu

Pale Misigiri una ruhusa ya kumsema Mama Gervas kwa mambo mengi. Sema sauti yake inazidi spika za kwaya. Sema chai yake ina tangawizi ya kufukuzia wageni. Lakini usithubutu kusema amekosea kipimo. Miaka ishirini na tisa ameketi kwenye baraza lile karibu na kituo cha mabasi, nyuma ya cherehani yake nyeusi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na hakuna mwanamke aliyewahi kumrudishia gauni. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na huyarudia kila anapopata mtu wa kumsikiliza.

Jina lake la ubatizo ni Elina. Vipimo vya wateja wake huviandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu, na tarehe pembeni, na humo ndimo zilimo siri za kata nzima: nani ameongezeka baada ya kuolewa, nani amepungua tangu mumewe ahamie Dodoma. Si kwamba ni mbea. Yeye hutangaza tu. "Mwalimu!" ataita akimwona mtu ng'ambo ya barabara. "Hiyo sketi naiona inalia! Njoo nikuachie inchi mbili kabla haijasema yenyewe!" Mwalimu hukaza mwendo, na baraza zima hucheka.

Mtu pekee anayeweza kumjibu ni Idrissa, fundi wa suruali na kanzu, ambaye cherehani yake iko upande wa pili wa baraza hilohilo. Wameazimana mikasi, pasi ya mkaa na maneno makali kwa miaka kumi na sita. Yeye humwita Mama Gervas "mheshimiwa," na Mama Gervas humwita Baba Stumai, isipokuwa akikasirika, hapo humwita kwa Kinyiramba majina ambayo Idrissa, kwa bahati yake nzuri, hayaelewi yote.

Mwezi wa kumi, Rahel alimleta binti yake Faith apimwe gauni la kipaimara. Faith alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, mchangamfu, mwenye mashavu ya kuvutia kofi la mapenzi. Mama Gervas alimpenda zaidi kwa sababu ya macho yake. Tangu mtoto huyu yuko darasa la pili, akipita kutoka shule alikuwa akisimama pale barazani na kumtungia uzi kwenye sindano, mara moja tu, tsap, wakati Mama Gervas mwenyewe angehangaika mpaka uzi ulowane mate. Siku hiyo alimpima kwa makini kama anapima mke wa askofu. Kifua thelathini na moja. Kiuno ishirini na sita. Urefu, mabega, mikono, vyote vikaingia kwenye daftari.

"Satini nyeupe, mikono mirefu, bila mfuko," alisema. Mama Gervas hana sheria nyingi, ila hiyo ya mfuko ni ya chuma. Gauni la kipaimara haliwekwi mfuko. Mtoto anakwenda kupiga magoti mbele za Mungu, anabeba nini?

Wiki tatu baadaye Faith na mama yake walirudi kujaribu. Mama Gervas alipandisha zipu, akarudi nyuma hatua mbili kufaidi kazi ya mikono yake, na tabasamu likamfia mdomoni. Gauni lilikuwa limelegea. Kiunoni lilikuwa limejaa upepo.

Rahel alilishika gauni kiunoni, akaliachia. Ni mwanamke mpole, mke wa Gerald mkulima wa vitunguu, na alijua amesimama mbele ya nani. Ila Idrissa aliinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda.

"Mheshimiwa," alisema, "hilo gauni ni la mtu mmoja, au atavaa na mdogo wake?"

"Baba Stumai, pinda suruali yako."

Akampima upya. Kiuno ishirini na nne. Akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena kama vile namba ingejirekebisha ikipewa nafasi. Kisha akalipunguza gauni kwa pini, akieleza kwa sauti ya juu kwamba satini hii ya siku hizi ina ubishi. Kitambaa hakukikata. Mama Gervas hakati. Akipunguza hukunja kitambaa kwa ndani na kuacha akiba, maana watoto wanakua na wanawake wanazaa.

Wakati huo Faith alikuwa ameomba maji mara mbili. Lilikuwa jua la Novemba, lile la kabla ya mvua, ambalo hata mbwa hawabweki, kwa hiyo nani angeshangaa? Alipomaliza jagi la kunywa, alichukua na kopo la maji ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akalimimina kooni lote.

"Mtoto wewe!" Mama Gervas alicheka. "Unakunywa kama bustani ya vitunguu ya baba yako!"

Faith naye alicheka, akafuta midomo, akaomba ufunguo wa choo cha nyuma. Baada ya robo saa aliuomba tena.

"Ukae nao kabisa," alisema Mama Gervas. "Nitakuandikia mkataba."

Wakacheka wote, hata Rahel.

Siku kumi na nne baadaye, Jumanne, ikiwa imebaki chini ya wiki moja kufika Jumapili ya kipaimara, walikuja kuchukua gauni. Faith alikaa kwenye benchi kabla hajaambiwa akae. Alitoa shikamoo iliyosikika kwa shida. Mama Gervas, kwa mazoea, alimpa sindano na uzi. Mtoto alisogeza sindano karibu, akaisogeza mbali, akakosa. Akajaribu tena, akakosa.

"Kidato cha kwanza kimekuzeesha," Mama Gervas alimtania. "Tukupeleke ukapimwe miwani, tukae hapa vikongwe wawili."

Kisha akamvalisha. Gauni lilimteleza mabegani. Kiunoni ungeweza kuingiza ngumi na isiguse mtu. Mama Gervas akaweka pini mdomoni, akainama kupima, na akiwa ameusogeza uso wake karibu na wa mtoto, akasikia harufu kwenye pumzi yake. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, mithili ya ile dawa ya kufutia rangi za kucha kwenye saluni ya jirani.

"Aa, ndiyo maana huonekani," alisema kwa kubana meno ili asimeze pini. "Kumbe unashinda saluni. Nani anakupaka rangi ya kucha, na kipaimara ndiyo hicho? Mchungaji akikuona?"

Faith akanyoosha vidole. Kucha zilikuwa nyeupe, safi, zimekatwa fupi.

"Sijapaka, bibi," alisema taratibu. "Naomba maji."

Kiuno ishirini na mbili na nusu.

"Mama Gervas," Rahel alianza, akitafuta maneno kwenye sakafu, "sisemi umekosea. Nasema tu, labda na macho yako... Wenzake wote wameshachukua magauni yao."

Hapo ndipo palipochoma. Si kwamba Rahel alikuwa amesema neno baya. Lakini kesho yake kisimani lingesemwa, na keshokutwa kanisani, na Jumapili waumini mia tatu wangekaa kumtazama Faith akipita katikati ya kanisa akikanyaga pindo la gauni la Mama Gervas. Miaka ishirini na tisa ingeishia pale mbele ya altare. Aliwaambia waende, gauni litakuwa tayari Ijumaa. Walipoondoka, aliivua ile futi shingoni, akaitazama kama mtu anayemtazama mkwe aliyemwibia.

"Imetanuka," alitangaza. "Niliinunua mnadani. Imetanuka hii!"

"Futi ikitanuka," alisema Idrissa bila kuinua kichwa, "mtu anaonekana mwembamba kwa kila nguo. Mbona mama mchungaji bado ni yuleyule?"

"Basi kuna mtu ameichezea." Na alivyomtazama Idrissa, ilieleweka ni mtu gani.

"Mimi nakaa nashona kaptura za shule mia moja na ishirini, halafu nikupunguzie inchi za mtoto wa watu? Nizipeleke wapi?"

Mama Gervas aliitundika futi kwenye msumari, akasema imefungwa jela mpaka kesho, akafunga cherehani mapema.

Asubuhi alikuja na hukumu tayari. Alichukua rula ya mbao ya Idrissa, ile ndefu ya kukatia suruali, akailaza futi juu yake, nukta kwa nukta. Zilikwenda pamoja mpaka mwisho, hata unywele haukupita. Hakuridhika. Akamwamuru Idrissa asimame.

"Daftari linasema Idi iliyopita tumbo lako lilikuwa arobaini na moja," alisema, akimzungushia futi.

"Lilikuwa thelathini na nane. Ulinionea."

"Leo ni arobaini na moja na nusu."

Idrissa akashusha pumzi. "Mwenyezi Mungu anajua ningependa futi yako iwe mbovu."

Lakini haikuwa mbovu. Mama Gervas alikaa kwenye kiti chake. Kama futi ni nzima, na yeye mwenyewe hajakosea, basi kilichokuwa kinabadilika ni kitu kimoja tu, na hicho alikuwa amekizungushia mikono mara tatu akikiita satini. Alifungua daftari. Tarehe ishirini na moja Oktoba, ishirini na sita. Tarehe kumi na mbili Novemba, ishirini na nne. Tarehe ishirini na sita Novemba, ishirini na mbili na nusu. Inchi tatu na nusu katika wiki tano. Hata mwanamke aliyefiwa hapungui hivyo.

Halafu mengine yakaanza kurudi, moja baada ya jingine, na kila moja lilirudi na kicheko chake. Maji ya pasi, akacheka. Ufunguo wa choo, akacheka. Sindano, akacheka. Harufu ile ya kucha ambazo hazikupakwa rangi, akamtisha mtoto kwa mchungaji. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na ndani ya aibu kulikuwa na hofu. Hakujua ugonjwa unaitwaje. Alijua tu kwamba mwili hauondoki hivihivi.

"Baba Stumai," alisema, na Idrissa akashtuka, maana sauti ilikuwa ndogo. "Niangalizie mali zangu."

Nyumba ya Rahel iko nyuma ya mashine ya alizeti, mwendo wa dakika kumi. Mama Gervas aliumaliza kwa dakika tano, daftari kwapani, akihema. Rahel alikuwa uani akipepeta mtama.

"Karibu, mama. Shikamoo. Gauni limekwisha?"

"Marahaba. Faith yuko wapi?"

"Amelala. Hakwenda shule. Ametapika asubuhi, tumbo linamsumbua. Nimempa dawa ya minyoo."

"Anakunywa maji kiasi gani?"

Rahel akaacha kupepeta. "Si joto hili? Kila mtu anakunywa."

"Usiku anatoka nje mara ngapi?"

"Mama, maswali gani hayo? Ni kweli anatoka. Juzi alijikojolea kitandani, mtoto mkubwa, akalia kwa aibu. Nikamnunulia dawa duka la dawa, wakasema ni mkojo mchafu." Sauti ya Rahel ilianza kupanda. "Na kama unataka kusema simlishi, niambie wazi. Anakula kuliko baba yake! Anarefuka tu. Watoto wakirefuka wanakonda."

"Hajarefuka," alisema Mama Gervas, akafungua daftari juu ya ungo wa mtama. "Nimempima urefu mara zote tatu. Soma mwenyewe. Hajaongezeka hata nukta. Amepungua tu."

Rahel alisoma. Alisoma mara ya pili kwa kidole. Lakini mama ni mama, na hakuna anayependa kuonyeshwa mtoto wake kwenye daftari la mtu mwingine.

"Ijumaa nitampeleka zahanati," alisema. "Leo baba yake yuko shamba. Wewe malizia gauni tu, mama."

"Gauni sitoi."

"Unasemaje?"

"Sitoi gauni mpaka mtoto apimwe. Leo. Sasa hivi. Nenda kwa mchungaji ukanishtaki, nenda kwa mtendaji wa kata, mwambie Elina amezuia gauni la watu. Nitasema ndiyo, nimezuia." Akalichukua daftari lake. "Rahel, mwanangu, nimeshona miaka ishirini na tisa. Niliwahi kushona gauni moja jeupe ambalo mwenyewe hakuja kulijaribu. Mama yake ndiye aliyekuja kulichukua, akaniambia usihangaike na kiuno, anakwenda kumzika nalo. Sitaki kushona jingine."

Rahel alimtazama. Kisha akaweka ungo chini, akaingia ndani mbio.

Faith alikuwa macho, lakini kama mtu aliye mbali. Alipumua kwa haraka na kwa kina, ungesema ametoka kupanda kilima, na midomo ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Harufu ile ilikuwa imejaa chumba kizima. Walimshika huku na huku mpaka zahanati, Mama Gervas akiongea njia nzima bila kujua anasema nini.

Nesi Rebeka aliwapokea na salamu, akamtazama mtoto, akaacha salamu katikati. Hakuuliza mambo mengi. Aliuliza maji, mkojo, kukonda, kutapika, na Mama Gervas akajibu yote kabla Rahel hajafungua mdomo. Nesi alimchoma Faith ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye kimashine kidogo cha kupimia sukari. Wakasubiri. Kimashine hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili tu.

"Kimeharibika?" Rahel aliuliza.

"Hapana, mama. Kinasema sukari iko juu kuliko kinavyoweza kuhesabu."

Mama Gervas ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa ameshapima vitu vingi maishani. "Futi imeisha," alisema polepole. "Imeisha, na mwili bado unaendelea."

"Ndiyo hivyo," alisema Nesi Rebeka, akiwa tayari ameshashika simu. "Hospitali ya Kiomboi, sasa hivi. Gari lao lipo njiani na mgonjwa mwingine, tukilisubiri tutachelewa. Tafuteni usafiri, na mimi nakuja nanyi."

Huko barabarani, Idrissa alipata habari kabla hazijamaliza kutamkwa. Mzee yule wa tumbo la inchi arobaini na moja na nusu alisimama katikati ya barabara, mikono juu, kanzu ya mteja bado begani, mbele ya pikapu ya Anselm iliyokuwa imebeba vitunguu kwenda Singida. Anselm alifunga breki, akatoa kichwa dirishani kutukana, akaona mtoto ameshikiliwa kando ya barabara, akashuka kuteremsha magunia. Yale magunia yalishinda barazani kwa Mama Gervas siku nzima, na Idrissa akiyalinda kama ya kwake.

Kule Kiomboi walimwekea Faith dripu, wakaanza kumpa insulini. Daktari Peniel, kijana mwenye sauti ya upole, aliwakalisha kina mama wawili kwenye benchi la nje.

"Hiki ni kisukari cha aina ya kwanza," alisema. "Mwili wake umeacha kutengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoingiza sukari kwenye seli za mwili ifanye kazi. Sasa sukari inabaki kwenye damu. Mwili unajaribu kuitoa kwa mkojo, ndiyo maana anakuwa na kiu. Na kwa kuwa chakula hakizifikii seli zenye njaa, mwili unaanza kujila wenyewe. Ile harufu inatokana na hapo."

"Nilimpa soda," alisema Rahel, na machozi yakamwagika. "Siku ya mtihani nilimpa soda mbili."

"Mama, sikiliza. Si soda. Si wewe. Hakuna alichokula wala alichonyimwa kilicholeta haya. Huja tu kwa baadhi ya watoto." Akageuza karatasi. "Ameanza kukonda lini?"

Rahel akatikisa kichwa. Hakujua, unaishi na mtoto kila siku, unaona lini? Mama Gervas akaweka daftari magotini mwa daktari, akaonyesha kwa kidole. Daktari Peniel alisoma kwa makini, akanakili tarehe zote tatu kwenye faili la hospitali.

"Na kama tungesubiri mpaka Jumapili?" Mama Gervas aliuliza.

Daktari alifunga faili. "Jumapili tusingekuwa tunaongelea kipaimara," alisema.

Mama Gervas alilia pale kwenye benchi kwa sauti yake yote, ile inayozidi spika za kwaya, mpaka muuguzi akaja kumwomba awafikirie wagonjwa.

Faith alikaa Kiomboi siku kumi na moja. Kipaimara kilipita bila yeye. Alirudi na sindano zake, kimashine chake, na insulini iliyotunzwa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu, maana kwao hakuna friji. Alijifunza kujichoma mwenyewe tumboni, mara ya kwanza akilia, mara ya kumi akimcheka baba yake aliyekuwa akigeukia ukutani. Mchungaji alisema atambariki peke yake Jumapili ya pili ya Januari.

Na Mama Gervas? Kwa wiki nzima hakuna aliyeweza kununua hata kifungo pale barazani bila kusikia kwamba daftari lake limenakiliwa na daktari. "Faili la serikali!" alisema. "Vipimo vyangu!" Lakini ukimwangalia vizuri ungeona kwamba ameacha kuwacheka watu wanaoomba maji. Huwauliza.

Siku moja kabla ya Krismasi Faith alipita barazani na mama yake. Mama Gervas alimpa sindano. Tsap, mara moja.

"Limepona jicho!" alipiga kelele, na Idrissa akapiga makofi.

"Nina ombi, mama," alisema Rahel. "Daktari amesema awe na pipi karibu kila wakati. Sukari ikishuka ghafla anatetemeka, anatoka jasho, na lazima apate kitu kitamu palepale. Sasa pale mbele ya altare... Najua huweki mfuko."

Mama Gervas alilichukua gauni, akaligeuza ndani nje. "Hiyo sheria aliitunga nani?" alisema. "Mjinga fulani tu."

Alifumua gauni lote, akatoa nje akiba yote aliyokuwa ameikunjia ndani, akalirudisha lilivyokuwa mwanzo. Rahel alisema mtoto apimwe upya. Mama Gervas akakataa katakata. "Daftari linasema ishirini na sita, na kwa ishirini na sita atarudi. Mimi sibahatishi." Kwenye mshono wa kulia akaweka mfuko mdogo wa satini, umefichwa vizuri, wa kuingia pipi nne.

Jumapili ya pili ya Januari, saa moja na nusu asubuhi, wakamvalisha pale barazani ili kama kuna uzi unatokeza ukatwe. Mvua zilikuwa zimenyesha, barabara ilikuwa na matope, na Idrissa, ambaye Jumapili hana ibada, alikuwa amekuja kufungua tu kwa sababu hakutaka kukosa. Faith alisimama, mashavu yake yamerudi yote mawili. Mama Gervas alipandisha zipu. Zipu ikapanda hadi kiunoni, ikasimama. Akavuta. Ikakataa.

"Vuta pumzi, mwanangu."

Faith akavuta pumzi. Zipu ikasogea meno mawili, ikagoma tena. Mama Gervas akashika futi, akamzungushia kiunoni. Ishirini na sita na nusu.

Idrissa aliinuka kwenye kiti. Alikuwa ameisubiri siku hii miaka kumi na sita, na uso wake ulikuwa umeng'aa wote.

"Mheshimiwa," alisema, "linabana."

"Linabana," alisema Mama Gervas.

"Yaani umekosea kipimo."

Mwanamke yule ambaye Misigiri nzima haikuwahi kumsikia akisema neno hilo alimshika Faith mabega, akamgeuza ili watu wote waone lile gauni lililokataa kufunga, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta.

"Nimekosea," alisema. "Baba Stumai, nimekosea nusu inchi. Waambie watu. Kisimani, sokoni, kote. Elina amekosea."

Kisha akachukua wembe, akafumua pembeni, akatoa akiba ya mwisho kabisa iliyobaki kwenye mshono wa kwanza, akashona upya, akafunga zipu, na wakaenda kanisani.